Miguu Yangu Mikononi mwa Mke Mwenzangu

Wapo wanaokuja kwangu siku hizi kuniuliza niliponaje. Wengine wanabebwa mgongoni na watoto wao. Wengi ni wazee wenzangu wa huku mlimani, na mara nyingine Waarusha kutoka upande wa magharibi. Wananiona natoka mgombani hadi mferejini kwa fimbo yangu, basi wanadhani nina dawa niliyoificha ndani. Sina dawa. Nina habari tu, nami nitaieleza kama ilivyokuwa. Anayeumwa achukue litakalomfaa. Ila asikae kitako akitarajia kufurahi.

Tulipokuwa watoto hatukuwajua funza. Mama yangu alizeeka akafa na vidole vyake vyote. Funza walikuja na misafara ya wapagazi, ndivyo watu wanavyosema, miaka ile Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakijenga boma lao kule Arusha. Mwanzoni ni mwasho tu chini ya ukucha, unajikuna huku unacheka. Kijana atamtoa kwa mwiba, kisha atarudi kwenye kazi yake. Mzee je? Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kukataa kuinama. Macho yangu yaliuona mlima, hayakukiona kidole. Nami nililala nyumba moja na ng'ombe na mbuzi wa mwanangu Yohane, kama tulivyolala sote tangu zamani. Kiangazi kilipokaza, vumbi la samadi lilikuwa laini kama unga, na humo ndimo walimozaliana.

Kufikia mwisho wa kiangazi kile sikuwa na ukucha hata mmoja. Nilitembea kwa visigino, baadaye kwa magoti. Kisha ikaja harufu. Aliyeumwa ugonjwa huu ananielewa: maumivu utayazoea, harufu hutaizoea, kwa sababu unaisoma kwenye nyuso za watu. Marta, mke wa Yohane, alianza kuniwekea chakula karibu na mlango na kurudi haraka. Sikumlaumu. Alikuwa na mimba na tumbo lake halikukaa na harufu yoyote. Lakini loshoro yake, ambayo zamani tulikula tukiwa tumekaa pamoja, ndizi na mahindi na maziwa yaliyoganda, niliila peke yangu, nayo haikuwa na ladha.

Yohane alifanya kazi kwenye shamba la mzungu kule chini karibu na mto Usa. Aliporudi akaniona, aligeuka mlangoni papo hapo. Alikwenda kumwita shemeji yake, wakafunga ngozi ya ng'ombe kwenye mti, wakanilaza ndani, wakanibeba mpaka nyumba ya wagonjwa ya misheni.

Pale kulikuwa na baraza ndefu, na watu wamejaa. Mimi nilijua Kimeru tu, na Kimasai cha sokoni. Kushoto kwangu alikaa mwanamke wa Kiswahili, mke wa askari wa boma, titi lake limevimba, analishikilia kwa mikono miwili kama mtoto. Kila mlango ulipofunguliwa tuliinua vichwa sote, na kila mara msaidizi alisema, "Bado." Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililojifunza. La pili alinifundisha yule mwanamke. Inzi walipotua kwenye miguu yangu aliwafukuza kwa ncha ya nguo yake, akasema, "Pole." Hakuziba pua. Tulikaa pale hadi jua likageuka, yeye akiwafukuza inzi wangu na mimi nikimwambia maneno ya Kimeru asiyoyajua. Alipoitwa ndani sikumwona tena.

Bwana mganga, daktari mzungu wa misheni, alikata vidole vyote vya mguu wa kushoto na viwili vya kulia. Walinifunika uso kwa kitambaa chenye harufu tamu, na nilipoamka ilikuwa imekwisha. Niambie wewe uliyepitia hayo kama si hivyo: vidole vilivyokatwa vinaendelea kuwasha. Nilijikuna, mkono ukashika hewa. Nililia kuliko nilivyolia mume wangu alipokufa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mama, zile ni nyama tu." Ni kweli ni nyama. Ndizo nilizosimamia kuvunia ndizi.

Masika ilininyeshea nikiwa mle ndani. Ilipokaribia kwisha, bibi wa misheni, mzungu aliyewauguza wagonjwa, alikuja na mwalimu Petro, Mmeru mwenzetu, amtafsirie.

"Shikamoo, mama," Petro akasema. "Bibi anasema vidonda vimekuwa vizuri. Utarudi nyumbani."

Nikaanza kuitafuta ngozi niliyobebewa.

"Lakini anasema hivi. Ukirudi kulala na wanyama, utarudi hapa, na safari hiyo bwana mganga atakata mguu. Wanyama watoke. Sakafu ifagiliwe na kumwagiwa maji kila siku. Na kila asubuhi mtu akuangalie miguu, amtoe funza akiwa bado mdogo, aoshe kwa maji ya chumvi, apake mafuta haya, afunge kitambaa kilichochemshwa."

"Mtu gani?" nikauliza.

Petro akatafsiri. Bibi akanitazama, akajibu kwa upole.

"Anasema, mtu yeyote wa nyumbani kwako."

Wewe unayetolewa hospitali leo, nakuomba usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Uliza kwanza ni mkono wa nani utakaokushika huko uendako. Hospitalini ugonjwa ni kazi ya mtu. Nyumbani ugonjwa hauna mwenyewe.

Yohane alifanya alilomudu. Alijenga zizi nje, akalizungushia miiba, akawatoa ng'ombe na mbuzi. Asubuhi za kwanza yeye ndiye aliyeniangalia miguu kabla ya kushuka shambani, kwa haraka, huku akitazama jua. Mwana wa kiume kushika miguu ya mama yake, tena mbele ya mkewe! Niliona aibu, naye aliona aibu, tukawa hatuzungumzi. Kisha mzungu wake akamtaka alale kulekule shambani, arudi Jumapili. Miguu ikabaki na Marta.

Marta alijaribu. Alishika sindano, akainama na tumbo lake, akatoka mbio kwenda kutapika nyuma ya nyumba. Siku iliyofuata hivyohivyo. Siku ya tatu alisimama mlangoni tu.

"Mama, nisamehe. Nikizaa nitaweza. Sasa siwezi."

Kisha chui akaja. Alivunja miiba, akachukua mbuzi mwenye mimba na kumjeruhi mwingine. Marta aliwarudisha wanyama wote ndani siku hiyohiyo, na Jumapili Yohane alipofika walizozana nami nimekaa katikati yao.

"Bibi wa misheni alisema!" Yohane akapiga kelele.

"Bibi wa misheni atawalisha watoto wangu maziwa?" Marta akajibu. "Mwulize. Mwambie aje alale zizini na fimbo."

Ningesema nini? Ng'ombe wale walikuwa uhai wa watoto, na mimi nilikuwa mzee mwenye miguu iliyokatwa nusu. Kipupwe kilipoanza, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, nilihisi mwasho ule tena chini ya kitambaa. Niliujua mara moja. Nikajifunika ngozi hadi kichwani.

Sasa nimtaje Nanyori. Mume wangu alituoa wawili. Mimi wa kwanza, Nanyori wa pili, binti wa Kiarusha, mrefu, mwenye ulimi mkali. Hakupata mtoto. Mume wetu alipofariki, wazee wa ukoo walimpa Yohane shamba la migomba, na Nanyori wakamwachia kijumba kidogo ukingoni, kando ya mfereji. Mimi sikuulizwa, lakini yeye aliona nyumba yangu imeshiba na yake ina njaa, na tangu hapo hakunisalimu. Tulichota maji mfereji mmoja miaka mingi bila salamu.

Asubuhi moja mlango ulitiwa giza. Alikuwa yeye.

"Nasikia harufu yako mpaka kwangu," akasema. "Nimeshindwa kula."

"Basi hama," nikamjibu.

"Nihamie wapi? Hebu lete huo mguu."

Alikaa chini, akaweka mguu wangu mapajani mwake, akafungua kitambaa. Nilimtazama uso nikingoja nione kile nilichokiona kwa wengine. Sikukiona. Aliguna tu, kama mtu anayekagua maharage yaliyoingiwa na wadudu.

"Hawa wamekuzidi kabisa," akasema. "Na hapa ukiendelea kulala na mbuzi nitakuwa nachota maji kwa kikapu. Utakuja kwangu. Mimi sina hata kuku."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Nanyori amepata mtoto mzee."

Alinibeba mgongoni yeye mwenyewe. Marta alisimama mlangoni akilia, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Nadhani yote mawili.

Kijumba cha Nanyori kilikuwa chumba kimoja. Kila asubuhi alifagia, akachota maji mferejini, akayamwaga sakafuni hadi vumbi likalala. Kisha alinitoa nje kwenye mwanga, akaninyoosha miguu, akaanza. Alikuwa na mkono mzito na hakuomba radhi. Nikipiga kelele alisema, "Piga, majirani wajue upo hai." Alimtoa funza mzima na mfuko wake, bila kumpasua, akamtupa motoni, na akisikia ule mlio mdogo alisema, "Mmoja." Wa pili pia alimwita "Mmoja." Nilimwuliza kwa nini hahesabu. "Nikihesabu utakata tamaa," akasema.

Tulizungumza. Mwanzoni ilikuwa juu ya miguu tu. Baadaye juu ya mume wetu, jinsi alivyokoroma, jinsi alivyoogopa radi. Siku moja aliniambia kwamba miaka ile ya ugomvi alikuwa akisikia watoto wa nyumba yangu wakicheka jioni, naye alikaa kando ya mfereji ili maji yafunike sauti zao. Alisema hivyo huku anafunga kitambaa, na alipomaliza kufunga akabadili maneno. Niliushika mkono wake, naye akauchomoa. "Una mafuta," akasema.

Bibi wa misheni alipita kutuona, amepanda punda, Petro akiwa nyuma yake. Alifungua kitambaa, akatazama, akamtazama Nanyori, akasema neno kwa lugha yake.

"Anasema ni safi sana," Petro akatafsiri.

"Mwambie najua," Nanyori akajibu.

Alituachia sabuni na vitambaa. Nanyori hakuitumia sabuni kwa kitu kingine chochote. Vuli ilipita, ngozi mpya ikafunga pale vidole vilipokuwa, nyekundu na laini. Nikaanza kusimama. Nanyori alinikatia fimbo, akanishika kiunoni, tukaenda hadi kwenye mgomba wa kwanza tukarudi. Marta alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akaja kunionyesha. Siku zile nilidhani mabaya yamekwisha.

Kiangazi kikarudi na vumbi lake. Nanyori alikwenda sokoni Arusha kuuza ndizi, akalala njiani kwenye kambi ya wapagazi, akarudi akichechemea kidogo.

"Nionyeshe kisigino," nikamwambia.

"Umeota macho?" akasema. "Nimemtoa mwenyewe. Nyoosha miguu."

Niliomba tena kesho yake. Alinionyesha, akanishika kidole changu na kukipitisha pale. Palikuwa pakavu, kishimo kidogo tu. Nikanyoosha miguu.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa tunakula, naye akaweka ndizi chini.

"Taya limechoka," akasema, akacheka nusu. "Nimesema sana maisha yangu, sasa linanidai."

Asubuhi ile aliniangalia miguu kama kawaida, lakini kimya. Jioni mdomo haukufunguka kupita upana wa kidole. Kesho yake shingo ilikaza, kisha mgongo ukapinda nyuma kama upinde. Nilimwita Marta kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Marta alimtuma mtu kwa Yohane, Yohane akakimbia misheni. Bibi alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Petro alikuja yeye, akatazama kutoka mlangoni, akavua kofia yake.

"Ni pepopunda, mama," akaniambia pembeni. "Hata bibi angekuwepo..."

Alipiga magoti nje akaomba. Nanyori hakuwa Mkristo, wala mimi wakati ule, lakini nilifurahi kwamba mtu ameomba.

Ukimwuguza mtu wa pepopunda utajua kwamba mwanga unamwumiza. Jani likianguka, anapinda. Tulitundika ngozi mlangoni. Marta aliwafukuza kuku wa majirani na kuwanyamazisha watoto. Mimi nilitambaa, maana fimbo ingegonga sakafu, nikaweka kichwa chake mapajani mwangu. Nilichovya kitambaa katika maji na kukikamulia kwenye pengo la meno yake. Mengi yalitoka pembeni. Uso wake ulikuwa umekazwa ukaonekana kama anacheka, na hilo ndilo lililonivunja zaidi, kwa sababu macho yake yalikuwa hayacheki. Alijua kila kitu. Ugonjwa ule haukupi hata huruma ya kupoteza fahamu.

Kati ya mpindo na mpindo alijaribu kusema. Niliinamisha sikio, mgongo wangu ukilalamika.

"Umeangaliwa?" alisema kwa meno yaliyofungwa.

Sikuelewa.

"Miguu. Leo. Umeangaliwa?"

"Nimeangaliwa," nikasema. Ulikuwa uongo. Hakuna aliyekumbuka miguu yangu siku zile.

Alifumba macho. Alikufa kesho yake jua likiwa juu, watu wakienda mashambani. Tulimzika nyuma ya migomba, upande wa mferejini. Hakuwa na mtoto wa kumlilia, basi nililia mimi, na watu walishangaa kumwona mke mkubwa akimlilia mdogo kiasi kile.

Baada ya hapo sikutaka kuangaliwa. Nitasema wazi kwa sababu najua wapo watakaofika pale nilipofika. Nilikaa katika kijumba kile, nikaacha sakafu ikauke. Nilisikia mwasho ukianza upande wa kulia nikaukaribisha. Nilifikiri: kama mwenye miguu mizima amekwenda, hii yangu ya nini? Chakula alichokileta Marta nilikirudisha kama kilivyo.

Siku moja Marta alikuja na ndoo. Alimweka mtoto wake mgongoni, akamwaga maji sakafu nzima bila kuniomba nisogee, nikalowa. Kisha akakaa chini, akachukua sindano ya Nanyori kutoka ilipochomekwa ukutani.

"Niache," nikamwambia.

"Mama, mimi siwezi kuwa Nanyori," akasema. "Nitakuumiza. Lakini lete mguu."

Aliniumiza kweli. Alimpasua wa kwanza, akalia, akamtoa wa pili. Alitapika mara moja, akanawa, akarudi. Sikumshukuru siku ile. Nilikuwa na hasira naye kwa kunibakiza. Alirudi kesho yake, na kesho yake, na hivyo ndivyo nilivyoendelea kuishi. Sikuamua kuishi. Niliangaliwa tu, asubuhi baada ya asubuhi.

Masika iliyofuata Yohane alinipeleka misheni ili miguu itazamwe. Safari hii nilikwenda kwa miguu yangu sehemu ya njia. Bwana mganga alikuwa mgeni, na mkalimani wake mgeni vilevile, mtu wa Pangani, hajui Kimeru. Yohane alibaki nje. Mganga alishika mguu wa kushoto, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi pale vidole vilipokuwa. Akamwita mwenzake aje aone. Walizungumza kwa muda.

"Mama," mkalimani akasema, "bwana anasema umepona. Anasema wengi wanaokatwa hurudi hapa wameoza, maana nyumbani hakuna wa kuwatunza. Anauliza, wewe nani alikutunza?"

"Mke mwenzangu," nikasema.

Akatafsiri. Mganga akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema maneno mengi.

"Anasema mtu huyo ana mkono mzuri. Wapo wazee wengi huko mlimani wanaohitaji mtu wa namna hiyo, awapitie majumbani mwao. Anataka aje hapa, apewe kazi. Yuko wapi?"

Kiswahili changu kilikuwa kidogo. Nilitafuta neno.

"Hayupo," nikasema.

"Ah, amesafiri," mkalimani akasema, akamweleza mganga. Kisha akanigeukia. "Basi akirudi, mwambie aje."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mganga alikuwa amekwisha kunifunga kitambaa, anatabasamu, na nje baraza ilikuwa imejaa watu wanaongoja. Sikuwa na nguvu.

"Nitamwambia," nikasema, nikachukua fimbo yangu.